Mwalimu Wetu Ugenini: Kusoma Si Kufahamu

Tangu zamani wenyeji wa visiwa hivi wameijua njia ya Maskati kwa pepo zake. Kaskazi ilipovuma, majahazi yaliteremka kutoka Omani na Ghuba yakiwa na tende na mazulia; kusi iliposhika, yalitweka matanga yakarejea huko na boriti, karafuu na abiria. Safari iliyokuwa ya majuma kadhaa siku hizi ni ya saa tano hivi kwa ndege. Na miongoni mwa abiria wa leo, mbali na wafanyabiashara na watu wanaokwenda kuwaangalia jamaa zao, wamo vijana wa kike na wa kiume waliosomea ualimu, wenye shahada mikononi, wanaokwenda kusomesha Kiingereza.

Habari za vijana hawa hazisemwi sana. Tumezoea kusikia mashaka yanayowapata watumishi wa majumbani katika nchi za Ghuba, na ni haki yasikike. Mwalimu naye ni mfanyakazi aliye ugenini, mwenye pasi, viza na mwajiri, lakini watu hudhani kwamba elimu yake ni kinga ya kumtosha. Mwandishi wa makala haya aliwahi kudhani hivyo hivyo. Alisomesha Maskati tangu Septemba 2016 hadi Julai 2018, na yaliyomfika huenda yakawafaa wanaojitayarisha kusafiri, kadhalika wakubwa wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya kazi na ya elimu.

Kwanza yafaa tujiulize kwa nini Omani ihitaji walimu wa Kiingereza. Tarehe 23 Julai 1970, siku Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala, nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuanza kusafirishwa tangu 1967, lakini watu wa kuendesha ofisi, hospitali na mitambo walikuwa haba. Ndipo Waomani waliokuwa wakiishi nchi za nje walipoitwa warejee. Maelfu walitoka Afrika ya Mashariki, na wengi wao walikuwa wameondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wengi katika hao hawakukijua vyema Kiarabu. Walichokuwa nacho ni Kiingereza cha skuli za Unguja, na hicho ndicho kilichowafungulia milango ya maofisi. Kwa hiyo mtu wa Zanzibar kupata riziki Maskati kwa ulimi wa Kiingereza si jambo lililozuka jana.

Tangu hapo haja imezidi kukua. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986, na masomo yake ya sayansi na utabibu husomeshwa kwa Kiingereza. Katika mwaka wa masomo wa 1998/99 yalianza mageuzi ya elimu ya msingi, na Kiingereza, ambacho hapo kabla kilianza darasa la nne, kikashushwa hadi darasa la kwanza. Kijana wa Kiomani anayemaliza sekondari na kuingia chuo hupita kwanza katika mafunzo ya matayarisho, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni Kiingereza. Skuli za serikali, kwa sehemu kubwa, zimekwisha kujazwa walimu Waomani wenyewe. Mgeni hutafuta nafasi katika skuli za binafsi, vyuo, na taasisi za lugha zinazofungua madarasa ya jioni. Huko ndiko vijana wetu wanakoangukia, na huko ndiko masharti ya kazi yanakotofautiana sana baina ya mwajiri na mwajiri.

Hapa nitasema kwa nafsi yangu. Mkataba wangu ulinifikia Unguja kabla ya safari. Ulikuwa na kurasa nne, na kila ukurasa una safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiarabu kulia. Sheria ya Omani inataka mkataba wa kazi uandikwe kwa Kiarabu, na ukiandikwa kwa lugha nyingine, hapana budi uambatane na nakala ya Kiarabu. Safu ya Kiingereza niliipitia kwa makini, nikaridhika. Ilitaja mshahara, ilitaja saa za kazi, na ilisema kwamba mwalimu atapewa makazi.

Usiku ule baba akaniomba nimsomee na ile safu ya pili. Nilikuwa nimehitimu juzuu thelathini nikiwa na umri wa miaka kumi na moja, na ingawa maandishi ya mkataba hayakuwa na irabu, nilijikaza nikayasoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Baba alitikisa kichwa kwa furaha. "Mashaallah, mwanangu," akasema, "chuo hakikupotea bure." Mama akaleta kahawa. Hapakuwa na mtu chumbani mle, msomaji wala wasikilizaji, aliyefahamu hata sentensi moja kamili ya yale yaliyosomwa.

Mwezi wa nne nikiwa Maskati, mshahara wangu ulipungua kwa kiasi cha kutisha. Nilikwenda kwa mhasibu wa taasisi, mtu mpole, akanifungulia nakala ya mkataba na kuweka kidole juu ya mstari mmoja wa Kiarabu. Mstari ule ulisema kwamba makazi ni ya kushirikiana, nayo ni ya bure kwa miezi mitatu ya majaribio tu; baada ya hapo kodi itakatwa katika mshahara. Maneno hayo hayakuwamo katika safu ya Kiingereza. Mhasibu akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Hukuisoma?" Nikamjibu kuwa niliisoma. Na kwa hakika niliisoma, kwa sauti nzuri, mbele ya baba na mama.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikushtaki. Zamani zile mfanyakazi mgeni hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya barua ya ridhaa ya mwajiri wake wa awali, na aliyeondoka nchini bila ya barua hiyo alizuiwa kurudi kufanya kazi kwa miaka miwili. Utaratibu wa barua hiyo uliondolewa tarehe 1 Januari 2021. Sasa mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwingine. Aidha, sheria mpya ya kazi iliyotoka mwaka 2023 inamkataza mwajiri kushika pasi ya mfanyakazi bila ya ridhaa yake ya maandishi. Hayo ni maendeleo, na vijana wanaokwenda leo wanayo nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Lakini sheria nzuri haimsaidii mtu aliyetia saini asichokifahamu. Nilinyamaza, nikaendelea kukaa katika chumba cha watu wawili na kukilipia.

Sasa niseme juu ya mji wenyewe, kwani kuuzoea mji ni kazi ya pili baada ya ile iliyokupeleka. Anayetoka Mji Mkongwe, ambako mtu hutoka Darajani akafika Forodhani kwa miguu kabla jasho halijamkauka, hupata tabu kuufahamu mji wa Maskati. Mji ule umebanwa baina ya bahari na majabali makavu yasiyo na jani, ukanyoshwa kwa urefu mithili ya kamba: Matrah na soko lake la kale upande mmoja, kisha Ruwi ya maduka na mabenki, kisha Al Khuwair na Al Ghubra, hadi Seeb iliyo mbali upande wa machweo. Mambo yote yamepangwa kwa ajili ya mwenye gari. Mabasi ya mjini yalikuwa yameanza mwishoni mwa 2015, nami niliyashukuru, lakini kutoka kituoni hadi mlango wa kazi mara nyingi ni mwendo wa jua kali.

Na jua lile halina mfano hapa kwetu. Juni hupita digrii 40 mara kwa mara. Mwishoni mwa Juni 2018, huko Quriyat, pwani ya kusini-mashariki ya Maskati, kwa muda wa saa ishirini na nne kipimajoto hakikushuka chini ya digrii 42.6, usiku na mchana. Maduka mengi hufungwa adhuhuri yakafunguliwa alasiri, na mji huamka upya baada ya magharibi. Madarasa ya watu wazima hufanywa wakati huo. Mwalimu huingia darasani saa moja ya usiku, akatoka saa tatu au saa nne, akala chakula chake wakati watu wa kwao wamekwisha lala.

Yapo na madogo yanayomsumbua mgeni kwa kuwa ni madogo. Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Siku za mwanzo niliikimbia sahani ya wali iliyoandikwa 1.500 nikidhani ni elfu moja na mia tano, kumbe ni riali moja na nusu. Siku za juma nazo zilinipotosha. Sisi huanza kuhesabu Jumamosi, kwa hiyo siku ya tatu kwetu ni Jumatatu. Waarabu huanza kuhesabu siku inayofuata, na siku yao ya tatu, Thulatha, ni Jumanne yetu. Niliitwa katika kikao cha walimu siku ya Thulatha. Nikajiona hodari wa kutafsiri, nikafika Jumatatu, nikakuta mlango umefungwa. Mapumziko ya juma nayo, ambayo tangu Mei 2013 ni Ijumaa na Jumamosi, yalinifanya nianze kazi siku ambayo nyumbani ofisi zimefungwa. Kila nilipotaka kupiga simu serikalini Unguja, ilinibidi nihesabu tena kwa vidole.

Katika hali hiyo, sauti ya Kiswahili ikisikika sokoni huwa kama maji kwa mwenye kiu. Maskati ina watu wengi wanaokisema, waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, na watoto wao. Mgeni atakaribishwa, atakula mkate wa kumimina, ataulizwa habari za mitaa ambayo huenda yeye mwenyewe haijui tena. Mimi nilipata heshima ya kukaribishwa huko Seeb kwa bibi mmoja aliyezaliwa Ng'ambo, akahamia Omani katika miaka ya 1970. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa kwake. Miezi mitano ikapita, nami sijajifunza Kiarabu zaidi ya kuamkiana na kutikisa kikombe cha kahawa kumwonyesha mwenyeji kuwa nimetosheka.

Bibi ndiye aliyenikata kauli. "Mjukuu wangu," aliniambia, "ukija kwangu sema Kiswahili unifurahishe. Ukitoka mlangoni kiache hapa, kitakungoja." Akanieleza kwamba yeye alipofika mara ya kwanza alikuwa Mwarabu kwa nasaba na Mswahili kwa ulimi, na kwamba hospitalini alimpeleka mtoto wake wa miaka saba amfasirie maradhi ya mwanamke. Aibu ile ndiyo iliyompeleka darasa la watu wazima. Alijifunza Kiarabu akiwa na watoto wanne. Sikuwa na hoja ya kumjibu. Kuanzia juma lile nikawa mwalimu jioni na mwanafunzi asubuhi.

Sasa tuingie darasani, kwani huko ndiko lilikokuwa somo kubwa. Wanafunzi wangu walikuwa makarani, wauguzi, askari, na vijana waliongoja kuingia vyuoni. Waliniita "ustadh", neno ambalo kwetu hupewa mwalimu wa dini, nami kwa muda nilihisi nimevishwa kanzu isiyo yangu. Usiku wa kwanza mmoja aliniuliza, "Ustadh, wewe watoka Uingereza?" Nilipomjibu kuwa natoka Zanzibar darasa lilifurahi, na wanafunzi wawili wakanijibu kwa Kiswahili. Ofisini furaha hiyo haikuwapo. Mwalimu mwenye pasi ya Uingereza au Marekani alilipwa zaidi kwa darasa lile lile na kitabu kile kile, na mimi nilipouliza sababu niliambiwa kuwa wateja hupenda wenye lugha yao. Kijana anayekwenda aijue hali hiyo mapema, asije akaigundua siku ya mshahara.

Lakini mwalimu aliyejifunza Kiingereza skulini anayo mali ambayo mwenye lugha yake mara nyingi hana: anakumbuka mahali alipojikwaa. Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hiyo mwanafunzi aliyekusudia kusema kwa Kiingereza kuwa ameegesha gari huonekana amesema kuwa amebweka. Kiarabu husema "yeye mwalimu" na kutosheka, bila ya kitenzi cha kuwa, kwa hiyo kitenzi hicho hudondoka katika Kiingereza chao. Kwao gari ni jike na mlango ni dume, wakaviita hivyo na kwa Kiingereza. Mimi nami kosa langu lilikuwa kinyume cha lao, kwani Kiswahili hakibagui mume na mke katika vitenzi, na nikichoka niliweza kumwita bwana "she" bila ya kujua. Niliwaambia wanipigie makofi kila nikosapo. Walinipigia makofi kwa furaha kubwa, na wao wakapungukiwa na haya ya kukosea.

Kulikuwa na mzee mmoja, karani, aliyesoma Kiingereza kwa sauti vizuri kuliko wote. Matamshi yake safi, vituo vyake mahali pake. Usiku mmoja alitusomea habari fupi ya mvuvi aliyepoteza mashua yake katika dhoruba. Alipomaliza nilimsifu, kisha nikamwuliza, "Ni kitu gani alichokipoteza mvuvi?" Akanitazama. Akarudi kitabuni, akaanza kuisoma tena habari ile tangu mwanzo, kwa sauti ile ile nzuri.

Nilisimama pale na chaki mkononi nikajiona mimi mwenyewe, sebuleni kwetu, na mkataba wangu. Tangu usiku ule nikabadili utaratibu. Baada ya kila kipande mwanafunzi hufunga kitabu, akaeleza kwa Kiarabu, kwa maneno yake mwenyewe, kile alichokisoma. Ndipo tukarudi kwenye Kiingereza. Mwanzoni nilihitaji mwanafunzi mwingine anihakikishie kuwa maelezo ni sahihi. Kadiri Kiarabu changu kilivyokua niliweza kusikiliza mwenyewe. Maendeleo yalipungua mwendo kwa mwezi mzima, mkuu wa taasisi akalalamika kuwa tumebaki nyuma ya kitabu. Baada ya hapo yule mzee alianza kusimama katikati ya sentensi na kuuliza, "Ustadh, neno hili maana yake nini?" Hakuwa amewahi kuuliza.

Mkataba wangu wa mwaka wa pili ulipoletwa, niliuchukua hadi Seeb. Mwana wa yule bibi, mtumishi wa serikali, alikaa nami usiku mzima tukaupitia mstari kwa mstari, mimi nikifasiri na yeye akisahihisha. Tulikuta sehemu mbili ambazo safu hazikulingana. Nilizipeleka kwa mwajiri kwa adabu, na zikarekebishwa bila ya ugomvi. Huenda hata mara ya kwanza zingerekebishwa, lau ningejua kuuliza.

Nilirejea Unguja 2018 nikaanza kusomesha tena. Katika darasa la kidato cha kwanza niliwasikiliza wanafunzi wakisoma kitabu cha baiolojia kwa Kiingereza. Walisoma kwa pamoja, sauti zikapanda na kushuka kama darsa. Nikawaambia wafunge vitabu, mmoja wao anieleze kwa Kiswahili mmea hupataje chakula chake. Darasa likanyamaza. Watoto wale si wavivu wala si wajinga. Walikuwa wanafanya kile walichofunzwa tangu wakiwa wadogo, yaani kwamba kitabu cha lugha ya kigeni hutamkwa, na mtamkaji mzuri husifiwa.

Jambo hili ni zito kwetu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba Hisabati na masomo ya Sayansi yasomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo karibu yote husomeshwa kwa lugha hiyo. Ikiwa mtoto anakitamka Kiingereza bila ya kukifahamu, hasara haiishii katika somo la Kiingereza. Inaingia katika baiolojia, fizikia na historia, na baadaye inamfuata hadi siku atakapowekewa mkataba mezani. Kusoma Kurani kwa sauti ni ibada yenye thawabu hata kwa asiyejua maana yake, na hakuna anayesema vinginevyo. Kitabu cha baiolojia na mkataba wa kazi havina thawabu ya namna hiyo. Faida yao yote imo katika maana.

Kwa hiyo tunapenda kuweka mambo manne mbele ya wahusika. La kwanza, ofisi zinazoshughulikia ajira za nje ziwe na mtu wa kumsomea na kumfasiria msafiri mkataba wake kwa Kiswahili kabla hajautia saini, safu zote mbili, na kumwonyesha mahali zinapotofautiana. Visiwa vyetu havina uhaba wa watu waliosoma Kiarabu barabara hapa nyumbani, Misri au Sudan. Kazi hii inahitaji meza, kiti na siku mbili katika juma.

La pili, uandikwe waraka mfupi kwa Kiswahili wenye maswali ambayo mwalimu anapaswa kuuliza. Mshahara wa msingi ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani, kwani malipo ya mwisho wa kazi huhesabiwa kwa ule wa msingi? Mshahara unahesabiwa kwa mwezi au kwa saa zilizosomeshwa, na likizo inalipwa? Makazi ni ya peke yake au ya kushirikiana, na nani analipa umeme wa kiyoyozi? Tiketi ya kurudi ni ya nani mkataba ukivunjwa? Waraka huo ukimalizia kwa kumhimiza kila mwalimu ajiandikishe katika ubalozi wetu Maskati juma la kwanza la kufika, utakuwa umefanya kazi kubwa.

La tatu linahusu lugha. Mwalimu wa Kiingereza anayekwenda nchi ya Kiarabu ajifunze Kiarabu cha kusemwa angalau kwa miezi mitatu kabla ya kuondoka. Wengi hudhani kuwa kazi yao ni Kiingereza, basi Kiarabu hakiwahusu. Mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake hawezi kujua kama wamefahamu au wametamka tu. Tunalijua hilo kutokana na historia yetu wenyewe: mwishoni mwa miaka ya 1970 tulianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, na wageni wengi waliokuja kufanya kazi kwetu walipita hapo kwanza. Tuliwataka wao wajifunze. Tusijisamehe sisi.

La nne ndilo gumu. Watu watasema, na wana haki kusema, kwamba madarasa yetu yamejaa na walimu hawatoshi. Kwa nini tuwatayarishe watu waende kuwatumikia wengine? Jawabu letu ni kwamba wanakwenda hata tusipowatayarisha, kwani mshahara unawavuta. Anayekwenda kwa kujiiba huacha kazi kabisa, na akirudi harudi darasani. Akipewa likizo bila ya malipo kwa miaka miwili, kwa sharti la kurejea na kufanya kazi kwa muda usiopungua huo, skuli itampoteza kwa muda na kumpata tena akiwa amekomaa. Na akirejea, atakiwe kuwaonyesha walimu wenzake alichojifunza, darasani mbele ya wanafunzi, si kwa hotuba. Wako waliorudi katika visiwa hivi ambao hawajawahi kuulizwa hata swali moja.

Hatudai kwamba haya yataondoa taabu zote. Joto la Maskati litabaki lilivyo, na upweke wa chumba cha kupanga hauna dawa ofisini. Lakini taabu iliyoandikwa katika karatasi, ikatiwa saini kwa kutofahamu, ni taabu inayoweza kuzuiwa kwa usiku mmoja wa kukaa chini na kusoma.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha baba ule mkataba wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuhifadhi. Akanitaka nimsomee tena. Safari hii nilisoma mstari mmoja wa Kiarabu, nikasimama, nikamfasiria kwa Kiswahili, kisha nikaendelea na wa pili. Tulipofika kwenye mstari wa makazi alinizuia kwa mkono, akaniomba niurudie. Nikaurudia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa."